Hedi ikipasuka, dereva asikatwe mshahara

Ndugu wafanyakazi, hapa Uganda wako madereva wetu wanaobeba wafanyakazi wa mashamba ya chai kwa Toyota kuukuu zenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE, iliyoanza kutolewa 1993. Ugonjwa wake mafundi wanaujua: hedi ni ya aluminiamu, bloku ni ya chuma. Joto likizidi, aluminiamu hutanuka kuliko chuma, na hedi hupinda au hupasuka.

Gari likichemka, wako waajiri wanaomkata dereva mshahara. Twapinga. Rejeta iliyoziba si yake, wala si yeye aliyeng'oa thamostati (dawa ya mafundi wa njiani, nasi hatuipendi). Mwajiri atoe kulanti, si maji ya mtoni. Rejeta isafishwe, mfuniko na feni vikaguliwe.

Hedi iliyopasuka ibadilishwe pamoja na gasketi. Kuchomelea ni kuahirisha gharama, na watakaolala porini ni wafanyakazi waliopakiwa nyuma.

Dereva naye atazame maji kila asubuhi, injini ikiwa baridi. Yakipungua bila kuvuja, au yakitoa mapovu injini ikinguruma, gari lisiondoke. Aandike daftarini, tarehe na saa, na meneja atie sahihi. Tukiitwa kumtetea, daftari hilo ndilo tutakaloliweka mezani.