Uso wa Maskini Si Stakabadhi

Kamera imekuwa mwenzi wa sadaka. Siku hizi ni nadra mchele kugawiwa bila ya kuwako mpiga picha. Magunia hupangwa mbele ya bango lenye jina la mfadhili, wapokeaji hupangwa nyuma ya magunia, na mama mmoja huitwa apokee mfuko wake mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza hakutazama kamera. Yatima hufanyiwa hivyo juu ya futari. Vyama vya wanafunzi, viendavyo vituo vya watoto mwisho wa muhula, vimeirithi desturi hii bila ya kuihoji. Nadai kuwa desturi hiyo ni mbaya; kwamba humtoza mpokeaji bei ya kitu kiitwacho zawadi; na kwamba ufundi wa picha, ambao ni hazina kubwa kwa kazi za hisani, hupotezwa kwa kutumiwa hivyo.

Hoja ya kwanza ya wateteaji wake ni ushahidi. Mfadhili, wasema, hutaka kujua fedha yake imekwenda wapi, na picha humjibu. Picha haimjibu. Huonyesha kuwa mfuko mmoja ulishikwa na mtu mmoja kwa nukta moja. Haionyeshi mifuko mingapi ilinunuliwa, kwa bei gani, wala mingapi ilifika. Mwizi aweza kuuza magunia tisini na kupigia picha kumi, na picha ikawa nzuri sana. Ushahidi wa fedha ni hesabu: stakabadhi ya muuzaji, daftari la mgawaji, na saini za kamati iliyochaguliwa na wenyeji. Anayeutumia uso wa maskini mahali pa hayo amemdhulumu maskini, wala hakumwambia mfadhili kitu.

Hoja ya pili huvaa nguo ya methali: mficha uchi hazai. Ni kweli. Lakini methali hiyo humshauri mwenye haja ajifunue mwenyewe mbele ya mkunga. Haimpi mkunga ruhusa ya kumfunua sokoni. Wengine hukimbilia dini, wakasema sadaka ya dhahiri haikukatazwa. Haikukatazwa, walakini Kurani yafundisha kuwa ile ya siri ni bora zaidi, na Injili ya Mathayo yaonya juu ya kutoa ili kutazamwa na watu. Tena, mtoaji aweza kudhihirisha utoaji wake. Uhitaji wa mwenziwe si mali yake hata audhihirishe.

Itasemwa kuwa mpokeaji huulizwa, naye hukubali. Huulizwa lini? Mfuko ungali mkononi mwa mwulizaji. Ridhaa ya mwenye njaa mbele ya chakula si ridhaa, na mtoto wa miaka sita hana ridhaa ya kutoa. Sheria zimeanza kuliona jambo hili. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Tanzania ikatunga ya taarifa binafsi mwaka 2022. Septemba 2023 shule moja ya Kenya ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi. Ikiwa mtoto mwenye wazazi analindwa, yatima asiye na wa kumsemea alindwe zaidi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Mwaka 1904 Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimpiga picha Nsala huko Kongo, ameketi akitazama kiganja na wayo wa binti yake aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha za Harris zilionyeshwa katika mihadhara Uingereza na Marekani, zikasaidia kumwondoa Mfalme Leopold katika milki ya nchi ile mwaka 1908. Oktoba 1984 Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alipiga filamu ya njaa huko Korem, Ethiopia. Dunia ikashtuka, na tarehe 13 Julai 1985 matamasha ya Live Aid yakafanywa London na Philadelphia ili kuchanga fedha. Nani athubutuye kusema picha hizo zisingepigwa? Si mimi. Lakini itazameni tofauti. Picha ya Harris ilikuwa na mshtakiwa: nyuma ya Nsala alionekana mfalme, na kila mtazamaji aliuliza ni nani aliyetenda haya. Picha za Amin zilikuwa mbiu ya hatari, watu wakiendelea kufa. Picha ya mfuko wa mchele haina mshtakiwa wala haipigi mbiu. Ina mwombaji tu, na anayesifiwa ni aliyempa.

Basi mpiga picha mwenye moyo wa hisani afanye nini? Arudi kwenye mila njema ya studio. Unguja ina Capital Art Studio, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza. Katika studio za namna hiyo mtu alikwenda amevaa vizuri, akapigwa kwa hiari yake, akaondoka na picha yake. Mpango wa Help-Portrait, ulioanzishwa na Mmarekani Jeremy Cowart, ulishika njia hiyo Desemba 2009: wapiga picha huwapiga wasio na uwezo, huzichapa picha, na kuwapa wenyewe. Yatima asiye na picha hata moja ya utoto wake ana haja ambayo kamera pekee yaweza kuitimiza.

Kisha ziko sherehe zetu. Picha za Mwaka Kogwa wa Makunduchi au za Maulidi ya Lamu, zikipigwa kwa ridhaa, zikachapwa na kuuzwa, zaweza kuezeka madrasa au kuinunulia zahanati vitanda. Na kisima kikichimbwa, kipigwe picha kisima, na ubao wa gharama zake, na kamati iliyokisimamia, imesimama kama watu waliofanya kazi.

Nawasihi wanafunzi: mwendapo kituo cha watoto muhula ujao, chukueni kamera, lakini tengeni na fedha ya kuchapisha. Picha ya mtoto ibaki kwa mtoto. Katika taarifa ya chama ziwekwe hesabu. Wazee walisema tenda wema nenda zako. Hawakusema tenda wema ungoje kupigwa picha.