Papasi na Safari za Kazi

Karani atumwaye wilayani hulala penye nafasi, na mara nyingi ni chumba cha sakafu ya udongo. Katika nyufa zake hukaa papasi. Hutoka usiku, hunyonya damu, hurudi mafichoni kabla ya alfajiri. Ndipo huja homa ya papasi, ipoayo kisha ikarudi. Mwaka 1905 Dutton na Todd walithibitisha jambo hili katika Kongo, na Dutton mwenyewe akafa Kasongo kwa homa hiyo hiyo. Mwaka ule ule Koch aliona vijidudu vyake hata ndani ya mayai ya papasi. Basi kuua wakubwa tu hakutoshi. Twaona yafaa Chama kidai sakafu za saruji na vitanda katika nyumba za wasafiri, kabla ya kudai viti vipya vya ofisini.