Usimnunulie Mabuyu Mtoto wa Mwenyewe

Jumamosi asubuhi, Marikiti, pale Langoni kwenye mabuyu na achari. Mtoto wa miaka minne hivi kajibwaga chini, anapiga mateke, ataka mabuyu. Mamake ana vikapu viwili, jasho lamtoka. Kasema la, kisha kanyamaza. Mtoto akapandisha sauti mpaka wauza ndizi wakageuka. Hapo bwana mmoja akatoa shilingi 20: "Mpe basi, mama, mwana analia."

Kimya. Midomo myekundu.

Wewe ungesema ana roho safi, sivyo? Mimi nasema alimharibia mama wa watu kazi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini somo hili halijanitoka: tabia hulishwa. Kilio kikileta mabuyu, kesho kitarudi. Usipokilisha, kitakufa pole pole. Wanasaikolojia huita kuzima tabia. Shida ni kwamba kabla ya kuzima, huweza kuwaka zaidi. Fikiria rimoti yako betri zikiisha. Huiweki chini, unabonyeza kwa nguvu, unaipiga pajani, ndipo unaiacha. Mtoto ni vivyo hivyo. Ukikubali wakati amefika kileleni, umemfunza kwamba kilio kidogo hakitoshi, aongeze.

Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Carl Williams, aliandika kisa cha mtoto wa miezi 21 aliyekuwa akilia kila akilazwa, mpaka mtu mzima akae naye chumbani. Daktari alipothibitisha kuwa hana ugonjwa, wakubwa wakaamua kumlaza, kufunga mlango na kutorudi. Mara ya kwanza alilia dakika 45. Kufikia mara ya kumi anatabasamu wakitoka. Kama wiki moja baadaye, zamu ya shangazi, mtoto akalia na shangazi akabaki naye mpaka akalala. Basi! Ikabidi waanze upya.

Sasa Marikiti nzima ni mashangazi. (Nami nimo. Mpwa wangu akinililia, simu yangu iko mkononi mwake kabla sijafikiri.)

Sisemi mtoto aachwe tu. Anayelia kwa njaa, homa au woga anakuhitaji, mwendee. Na asiyelia, aliyeomba vizuri, mpe hayo mabuyu na umsifu, maana ukizima njia moja lazima umwonyeshe nyingine. Lakini kile kilio cha kununuliwa, mamake ndiye anayekijua. Wewe na mimi tumekutana nacho dakika mbili tu, tena tunataka kiishe kwa sababu masikio yetu yanauma, si kwa kumhurumia mtoto.

Ukitaka kumsaidia kweli, mshikie kikapu. Acha kumkodolea macho kama mwizi, maana hayo macho ndiyo yanayowafanya wengi wanunue.

Mama yule alichukua vikapu vyake akashika njia ya Barabara ya Digo, mtoto nyuma anatafuna. Yule bwana hata asante hakuambiwa, akabaki kulalamika kwamba wanawake wa siku hizi hawana adabu. Mimi nilimwelewa mama.