Pensheni Jamii Si Sadaka



Wapo wazee wetu, wachumaji karafuu tangu ujanani, ambao hawajajiandikisha Pensheni Jamii. Hudhani pensheni ni ya waliokuwa makarani tu. Sivyo. Serikali ya Zanzibar iliianzisha Aprili 2016, kwa shilingi 20,000 kila mwezi, kwa wakaazi waliotimiza miaka 70, wakulima nao wakiwamo.

Wengine huona haya, wakiiita sadaka. Hiyo ni haki yao. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame: mzee na aende kwa Sheha wake na kitambulisho cha Mzanzibari, aombe kuandikishwa.

Rai yangu, kila tawi lipite nyumba kwa nyumba kabla ya uchumaji kuanza. Asiyeweza kutembea, tumsemee kwa Sheha.