Istilahi Karakanani: Mfano wa Swichi ya Kikomo

Ni ada ya wakereketwa wa Kiswahili kujivunia utajiri wa istilahi za isimu na fasihi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huzitamka fonimu, mofimu na taashira bila kutatizika. Apelekwe karakanani aombwe kumsaidia fundi kuchagua swichi ya kikomo ya kreni, naye ataduwaa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya Kenya sambamba na Kiingereza, kwa hivyo udhuru kwamba mitambo ina lugha yake hauna tena mashiko. Tatizo ni kwamba wataalamu wa lugha hawajaenda kuitazama mitambo yenyewe.

Swichi ya kikomo ni kifaa kidogo kinachoiarifu mashine kwamba sehemu yake inayosogea imefika mwisho wa safari. Katika kreni ya kiwandani, ndoana ikipanda kupita kiasi hugonga ngoma inayokunja kamba ya chuma. Mota ikizidi kuvuta, kamba hukatika na mzigo huwaangukia waliomo chini. Swichi huwekwa mahali ambapo itaguswa kabla ya hayo kutokea, ikate mwendo wa kupandisha na kuuacha ule wa kushusha.

Anayeichagua huanza na kile kitakachoigusa. Chuma kinachopita kando huhitaji swichi yenye mkono na kigurudumu nchani. Kinachokuja moja kwa moja kwa mwendo mfupi huweza kutoshelezwa na kijiti cha kubonyezwa. Swichi yenyewe isigeuzwe kizuizi cha kusimamishia mashine, kwa kuwa itavunjika. Kisha huja vumbi na maji. Alama ya IP67 huonyesha kwamba vumbi haliingii na kwamba kifaa kinastahimili kuzamishwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Hapa ndipo vifaa saidizi, ambavyo wanunuzi wengi huvibania pesa, hudhihirisha thamani yao: kibanio cha kebo kikiwa kikubwa kuliko kebo yenyewe, maji hupenya papo hapo na alama ile hubaki pambo tu.

Lakini kiini cha uteuzi kimo ndani ya kisanduku, kwenye kontakti, na hapo ndipo mwanaisimu anapohitajika. Katalogi za Kiingereza hutaja kontakti za aina mbili kwa herufi NC na NO. Mfasiri mwenye haraka ataandika "iliyofungwa kwa kawaida" na "iliyo wazi kwa kawaida", kisha aende zake akiwa ametosheka. Tafsiri hiyo ina hatari mbili. Mfereji ukifungwa, maji hukoma; mlango ukifungwa, hapiti mtu. Saketi ya umeme ikifungwa, mkondo ndipo hupita. Mwendeshaji wa mashine anayesikia "imefungwa" ana kila sababu ya kudhani kwamba umeme umekatika. La pili ni hilo neno "kawaida". Katalogi humaanisha hali ya swichi isiyoguswa. Ilhali kifuniko cha usalama cha mashine huweza kuibonyeza swichi yake kutwa nzima, na hivyo kawaida yake ya kila siku ikawa kinyume cha kawaida ya katalogi!

Wajerumani waliukwepa mtego wa "kawaida" kwa kuzitaja kontakti hizi kwa tendo: Öffner ni ile inayofungua saketi ikiguswa, na Schließer ni ile inayoifunga. Kiswahili kina nyenzo za kufanya hivyo na kuepuka pia utata wa "kufunga". Kitenzi katiza hutupa kontakti katizi, nacho unganisha hutupa kontakti unganishi. Majina haya humwambia msikilizaji yatakayotukia mkono utakapoguswa.

Tofauti hiyo ina uzito wa maisha ya watu. Ndoana ya kreni yafaa kulindwa kwa kontakti katizi, kwa sababu waya wake ukikatwa na panya au ukichomoka, mashine husimama kana kwamba swichi imeguswa. Kontakti unganishi ambayo waya wake umekatika hunyamaza, na ndoana huendelea kupanda. Si hayo tu. Kontakti huweza kugandana kwa joto la cheche, na springi peke yake ikashindwa kuzitenganisha. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha IEC 60947-5-1 kina alama ya mshale ndani ya duara, ithibati kwamba nguvu ya mkono wenyewe huzibandua kontakti hizo. Swichi ya usalama isiyo na alama hiyo isinunuliwe, hata bei yake ikivutia vipi.

Wapo watakaodai kwamba fundi hana haja ya istilahi hizi, kwani vituo vya waya huwa na namba: zinazoishia 1 na 2 ni za katizi, zinazoishia 3 na 4 ni za unganishi. Dai hilo ni kweli kwa fundi mwenye kisanduku wazi mbele yake. Mwendeshaji aliye juu ya kreni, anayemweleza fundi huyo kwa simu kwamba ndoana haikusimama, hazioni namba hizo. Ana maneno yake tu.