Maktaba ya Michoro Ianzie kwa Mafundi wa Nachingwea na Ruangwa

Shule inapojengwa Nachingwea au Ruangwa, ramani yake aghalabu huwa imetoka TAMISEMI, na kazi hukabidhiwa mafundi wa papo hapo kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani mwashi, seremala na mchomeleaji ambao wazazi wa wanafunzi wanawajua kwa majina. Ndivyo yalivyojengwa madarasa 15,000 ya nchi nzima kwa fedha za mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotangazwa mwaka 2021. Utaratibu huo nausifu bila kigugumizi, kwa kuwa fedha za umma hubaki mikononi mwa watu wetu. Lakini baina ya ramani iliyochorwa kwa kompyuta na karakana ya seremala ipo nafasi ambayo hatujaishughulikia ipasavyo, na nafasi hiyo imo ndani ya programu za kuchorea.

Kila programu ya uchoraji, iwe AutoCAD, ArchiCAD au nyinginezo, ina maktaba ya maumbo: milango, madirisha, kenchi, masinki na viti vilivyochorwa tayari, ili mchoraji asirudie kazi ileile kila siku. Maktaba hiyo ikipungukiwa, mchoraji huchukua faili kutoka kwingine na kuliingiza. Tangu mwaka 1982, ilipotoka AutoCAD, upo mtindo wa faili uitwao DXF ambao programu nyingi husoma, na kwa hiyo kuingiza umbo ni jambo la dakika chache. Ila faili laweza kuandika 900 bila kusema kama ni milimita au inchi, na programu inayolipokea, isipoambiwa, hukisia. Ikikisia inchi, mlango wa milimita 900 hugeuka kuwa na upana wa takriban mita 23. Kosa la namna hiyo halinitishi, maana hata mwanafunzi huliona papo hapo na kulisahihisha.

Linalonitia hofu ni kosa dogo. Umbo la mlango lililomo katika maktaba nyingi lina kimo cha milimita 2100 na upana wa 900, ilhali seremala wetu, ambaye hununua mbao kwa inchi na kupima kwa futi, hutengeneza mlango wa futi 7 kwa futi 3, yaani milimita 2134 kwa 914. Endapo fremu itatengenezwa kwa kufuata ramani na mlango kwa kufuata futikamba, basi siku ya kupachika seremala atapiga randa ubavuni hadi milimita 14 ziondoke, kisha atakata milimita 34 chini, na ubao wa chini wa mlango wa paneli, ambao ndio unaobeba uzito na kupokea maji ya mvua, utabaki mwembamba kuliko alivyokusudia. Hakuna mtu aliyekosea hesabu katika kisa hicho; kila mmoja amefuata kipimo chake kwa uaminifu, na serikali ya kijiji imepokea mlango dhaifu.

Zaidi ya hayo, maktaba zilizotoka ng'ambo zimejaa vitu tusivyovihitaji na zimekosa tunavyovihitaji. Mtu akitaka kupanga ghala la chama cha msingi kilicho chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika, ambamo korosho na ufuta wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale husubiri mnada, atapata humo makochi ya kila aina, lakini hatapata gunia la korosho lililolazwa juu ya chaga za mbao, wala mzani wa ghalani, wala dawati la watoto wawili, wala grili ya dirisha kama inavyochomelewa hapa. Atachora kwa kukisia, na ghala litakaloonekana la kutosha katika karatasi litabana wachukuzi siku ya kazi.

Nachingwea ina sababu yake ya kuwa na hadhari na mipango iliyokamilishwa mbali. Mwaka 1946 wataalamu walizunguka kwa wiki 9 tu bila kuupima udongo ipasavyo, na mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikaanzisha mradi wa karanga hapa, Kongwa na Urambo. Ulipofutwa mwaka 1951 ulikuwa umekwisha kumeza pauni zipatazo milioni 36, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara ikang'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Mlango wa darasa si mradi wa karanga, nakiri. Hata hivyo udongo usiopimwa na mbao isiyopimwa huleta hasara za jinsi moja.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba kila halmashauri iwe na maktaba yake, itunzwe na ofisi ya mhandisi, na umbo lolote lisiingizwe humo kabla halijalinganishwa na kitu halisi kilichopimwa katika karakana. Wanafunzi wa vyuo vya VETA mkoani wanaweza kupima na kuchora kwa FreeCAD au LibreCAD, ambazo hazilipiwi. Kila umbo lisafishwe, maana faili la kuingizwa huja na maandishi, mistari ya vipimo na vivuli visivyo na faida ambavyo hulemea kompyuta za ofisi. Mistari iliyokatika iunganishwe. Nukta ya kushikia ya mlango iwekwe kwenye kona ya bawaba. Kipimo kitajwe waziwazi kuwa ni milimita. Na iandikwe kata ilikopimwa, pamoja na tarehe. Fundi naye apewe nakala ya karatasi yenye futi na milimita bega kwa bega, aibandike ukutani mwa karakana.

Hilo halihitaji mradi mpya, yatosha agizo la mkurugenzi. Ningependa kazi ianze na milango, madirisha na kenchi mara mvua zinapokatika, kabla korosho hazijaanza kuanguka na mafundi wengi kuhamia mashambani.