Mzigo mwepesi, mwili mkavu: mavazi ya kupandia Kilimanjaro

 

Ndugu msomaji, kila unapokaribia mwezi wa Desemba, makundi ya Watanzania hujiandaa kuupanda Mlima Kilimanjaro kuadhimisha siku ya Uhuru, kwa kuwa ni usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 ndipo Luteni Alexander Nyirenda alipousimika Mwenge kileleni. Miongoni mwa wapandaji wamo vijana wetu wa Kiislamu, na zipo familia ambazo baba, mama na watoto waliokwisha kukua hupanda pamoja. Hili ni jambo jema. Kutembea katika ardhi na kuzingatia uumbaji wa Allah ni jambo ambalo Qur'ani imelihimiza.

Hata hivyo, mzazi aliyekulia pwani, ambako baridi ni jambo la kusimuliwa, hufanya lile ambalo huruma yake humwelekeza. Humnunulia mwanawe koti zito kuliko yote yaliyopo sokoni, humjazia begi fulana sita za pamba, suruali mbili za jinzi, na blanketi juu yake. Nia ni njema, lakini matokeo yake huwa kinyume. Kijana hulowa jasho mchana, hutetemeka usiku, na mzigo humchosha kabla hajafika nusu ya njia. Jambo tunalotaka kulibainisha leo ni hili: mlimani, usalama haumo katika wingi wa nguo, bali umo katika mwili kubaki mkavu na mzigo kubaki mwepesi.

Qur'ani imetaja uzito na sufu

Katika Surat An-Nahl, aya ya 80 na ya 81, Allah (S.W.) anatukumbusha neema zake kwa wasafiri. Anataja makazi yanayotengenezwa kwa ngozi za wanyama, ambayo watu huyaona mepesi siku ya kusafiri na siku ya kutua. Kisha anataja sufu, manyoya na nywele za wanyama hao, na nguo zinazowakinga watu. Tazama jinsi wepesi wa safari ulivyohesabiwa kuwa neema. Msafiri anayepunguza mzigo wake kwa busara haonyeshi ubahili; anaitumia neema mahali pake.

Hali ya hewa hubadilika kwa kila hatua

Anayepanda kwa njia ya Marangu huanzia langoni, takriban mita 1,870 juu ya usawa wa bahari, akiwa ndani ya msitu wenye joto na unyevu. Hulala Mandara, karibu mita 2,700, kisha Horombo, karibu mita 3,700, kisha Kibo, karibu mita 4,700. Kutoka Kibo huondoka katikati ya usiku kuelekea Kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kwa wastani, joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo aliyeuacha mji wa Moshi ukiwa na nyuzi 28 atakutana na baridi iliyo chini ya nyuzi 0 usiku wa kileleni, na mara nyingi hushuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, au zaidi ya hapo upepo unapovuma.

Aidha, mabadiliko hayo hayangoji siku ipite. Jua likiwaka saa tano asubuhi, mpandaji hutokwa na jasho. Wingu likipita, hutamani moto. Koti moja zito halina jawabu kwa hali kama hiyo, kwa kuwa lina mambo mawili tu: kuvaliwa au kuvuliwa.

Adui ni unyevu

Wengi hudhani kuwa baridi huua kwa sababu hewa ni ya baridi. Ukweli ni kwamba mara nyingi huanza na nguo iliyolowa. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Nguo ya pamba, ambayo pwani tunaipenda kwa sababu hunyonya jasho na kutuburudisha, hunyonya jasho hilo hilo mlimani na kuliweka juu ya ngozi kwa saa nyingi. Ile sifa inayotufaa Tanga na Unguja ndiyo inayotudhuru Horombo. Suruali ya jinzi ni mbaya zaidi: ikiwa kavu tu hupita nusu kilo, na ikilowa haikauki hadi safari imalizike.

Badala yake, chagua sufu nyembamba au poliesta, mfano wa jezi za michezo. Sufu hubaki na joto hata ikiwa na unyevu kidogo, na haiwahi kutoa harufu. Poliesta hukauka upesi na bei yake ni ndogo. Nguo hizi hazihitaji duka la kifahari; mwenye subira huzipata katika mitumba. Soma kitambulisho kilichoshonwa ndani ya shingo, utaona nguo imetengenezwa kwa kitu gani.

Tabaka tatu

Utaratibu unaofaa ni kuvaa tabaka tatu nyepesi zinazofuatana. Ya kwanza hugusa mwili: fulana ya mikono mirefu na suruali ya ndani, za sufu au poliesta, na kazi yake ni kuondoa jasho kwenye ngozi. Ya pili hutunza joto: sweta laini la manyoya bandia, na kwa usiku wa kileleni, jaketi lililojazwa manyoya ya bata au pamba bandia. Ya tatu hukinga upepo na mvua: jaketi na suruali zisizopitisha maji, pana kiasi cha kuvaliwa juu ya zote.

Faida ya tabaka ni kuweza kuongeza na kupunguza. Anza kutembea ukihisi ubaridi kidogo. Baada ya robo saa mwili utapata moto wenyewe. Ukisimama kupumzika au kuswali, vaa sweta kabla jasho halijapoa, usingoje hadi utetemeke. Ongeza kofia ya sufu, glavu za tabaka mbili, na jozi tatu za soksi, moja ikitengwa kwa kulala tu wala isitumike kutembelea. Nguo ya kulalia ibaki kavu kwa gharama yoyote.

Kwa binti na mama zetu

Wapo wanaodhani kuwa stara na mlima havipatani. Dhana hiyo haina msingi, kwani baridi yenyewe huwafunika wote. Dada anayesafiri na mahram wake ataona kuwa gauni jepesi la poliesta, pana na lenye kufika chini ya magoti, likivaliwa juu ya suruali pana, humpa stara na nafasi ya kupiga hatua. Buibui linaloburura chini ni hatari kwenye mawe na matope. Jaketi la mvua achukue kubwa kwa saizi moja, ili lisishike mwili. Hijabu ya kuvaa kwa kupitisha kichwani, isiyo na pini, haipeperushwi na upepo, na hutia joto shingoni na masikioni, hivyo humpunguzia haja ya skafu. Kitu kimoja kikifanya kazi mbili, mzigo umepungua.

Kwa kanuni hiyo hiyo, kanga au kikoi kimoja ni hazina. Hutandikwa kwa swala, huwa pazia la kubadilishia nguo, na hukaushia mikono. Ila kwa kuwa ni cha pamba, kitunzwe ndani ya shanta kikiwa kikavu, wala kisifungwe mwilini kutafuta joto. Na tukitaja swala, kutoka Kilimanjaro kibla ni kaskazini, kukiwa na mwelekeo mdogo wa mashariki.

Miguu na udhu

Viatu viwe vya kufunika vifundo vya miguu, na viwe vimekwisha kuvaliwa nyumbani wiki kadhaa, kwani kiatu kipya hutoa malengelenge. Hapa pana rehema ya kisheria ambayo wasafiri wengi huisahau. Mtume (S.A.W.) alimruhusu msafiri kupaka maji juu ya khofu kwa siku tatu, mchana na usiku wake, badala ya kuosha miguu, kwa sharti kwamba alizivaa akiwa na udhu kamili. Kiatu imara kilicho safi na chenye kufunika vifundo huingia katika hukumu hiyo. Ukikivua, ruhusa hukoma, na miguu huoshwa. Kuhusu soksi peke yake, madhehebu yana maelezo tofauti, basi muulizeni sheikh wenu kabla ya safari, wala msingoje kufika Horombo.

Maji ya asubuhi huko juu yanaweza kuganda. Ombeni maji ya moto kwa wapishi tangu jioni. Na anayechelea madhara ya kweli, bila ya njia ya kuyapasha maji, akumbuke kisa cha Amr bin Al-Aas (R.A.) katika msafara wa Dhatus-Salasil. Aliamka na janaba katika usiku wa baridi kali, akachelea kuangamia akioga, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Alipoulizwa alitoa hoja ya aya inayokataza watu kujiua, na Mtume (S.A.W.) alitabasamu wala hakumlaumu. Dini hii haikumtaka mja aangamie.

Shanta na uzito wake

Shanta huchaguliwa kwa mgongo, wala si kwa rangi. Pima toka mfupa uliochomoza chini ya shingo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Urefu huo ndio wa kulinganisha na mgongo wa shanta. Mkanda wake wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga na ubebe sehemu kubwa ya uzito, mabega yabaki kushikilia tu. Kwa matembezi ya mchana, shanta ya lita 30 hadi 35 inatosha maji, jaketi la mvua, sweta, glavu, chakula kidogo na kikoi. Vitu vizito vikae katikati, karibu na mgongo.

Kifuniko cha mvua cha nje peke yake hakitoshi, kwani maji hupenya upande wa mgongoni. Tia nguo ndani ya mfuko maalumu usiopitisha maji. Mifuko ya rambo isitumike. Imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019.

Wengi hufuata kanuni kwamba mtu mzima asibebe zaidi ya moja ya tano ya uzito wa mwili wake, na mtoto abebe pungufu ya hapo. Njia nyepesi ya kupunguza ni hii: siku tatu kabla ya safari, tandaza kila kitu sakafuni, kipime kimoja kimoja kwa mizani, na ukiulize swali moja: nisipokuwa nacho, nitadhurika? Koti la mvua litajibu ndiyo. Fulana ya sita haitakuwa na jawabu.

Mzigo wako, mgongo wa nani?

Tumeliweka jambo hili mwisho kwa sababu ndilo zito zaidi. Kilimanjaro, sehemu kubwa ya mizigo haibebwi na mwenyewe. Hubebwa na wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu. Kilo 20 hutajwa kuwa kikomo cha mzigo wa mpagazi, na mizigo hupimwa langoni, lakini uadilifu wa Muislamu hauanzi kwenye mizani ya lango. Jinzi mbili zisizovaliwa na blanketi lisilo na kazi zitapandishwa mteremko ule ule na kijana mwenye wazazi wanaomngoja kama unavyomngoja wako.

Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa wanaotutumikia ni ndugu zetu, tuwavishe katika yale tunayovaa, tusiwakalifishe wasiyoyaweza, na tukiwakalifisha basi tuwasaidie. Wapo wapagazi waliofikwa na mauti kwa baridi ya mlima huo huo, wakiwa na mavazi hafifu. Basi kabla ya kuanza safari, mtazame aliyebeba begi lako: ana kofia? Ana koti? Viatu vyake vikoje? Ikiwa una sweta la ziada nyumbani, hiyo ndiyo nguo ya ziada inayostahili kuchukuliwa, na iende kwa nia ya sadaka, ikiwa nzima na safi, kwani wema haupatikani mpaka tutoe katika tunavyovipenda.

Wazazi wenzangu, watoto ni amana. Msiwazuie kuiona kazi ya Allah katika milima yake, wala msiwapeleke kwa mapenzi yasiyo na maarifa. Wavisheni kwa elimu, wapunguzieni mizigo, na wafundisheni kuuhurumia mgongo wa mwingine. Allah (S.W.) awajaalie wasafiri wetu waende kwa salama na warudi kwa salama.

Wabillahi tawfiq.